Hata Maji ya Kunawa

Wanangu wa mwaka wa mwisho,

Mkuu wenu wa chuo ameniomba niwaandikie kurasa chache za kuwaaga. Anataka nieleze nilivyoendesha zahanati yangu pale Kasingirima, Ujiji, na yale niliyowafundisha wenzenu waliotangulia katika kile kipindi cha Alhamisi mchana ambacho ninyi mnakiita "somo la duka". Nimekubali. Nimeandika mara tatu na mara zote tatu nimechana karatasi. Kila nikianza najikuta naandika zile hadithi zangu za kuchekesha, na nyuma ya hadithi hizo kuna mtu mmoja nimemficha miaka yote niliyosimama mbele ya madarasa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha na bado nikazaa, na mtaona nilizaa nini.

Kwa wasionijua, mimi ni mama mtu mzima, afisa tabibu mstaafu. Mtaani wananiita Daktari, na sijawahi kumsahihisha mtu. Nilitumikia vituo vya serikali vya vijijini hadi nikachoka kuhamishwa, kisha nikafungua zahanati yangu mwenyewe. Ilikuwa na vyumba vitatu, kibaraza chenye bati, benchi refu la mbao, na bomba la maji kwenye kona ya ua, hatua nne kutoka kwenye benchi. Hizo hatua nimezihesabu mara nyingi.

Nianze na makosa yasiyoniumiza, maana hayo naweza kuyasimulia bila kuinamisha kichwa. Mwaka wa kwanza alinijia muuza dawa za jumla, mdomo wake una sukari, akaniuzia katoni tatu za dawa za minyoo kwa bei ya kutupa. Nikaona nimepata bahati ya mtende. Sikuangalia tarehe. Nilipofungua katoni nikakuta zimebakiza wiki sita. Basi niliwapa dawa ya minyoo wanangu, watoto wa dada zangu, na madrasa nzima ya mtaa, mwalimu wao akiwemo, na bado katoni moja na nusu ikaishia kwenye shimo la kuchomea taka. Tangu hapo nasema: soma tarehe kabla ya kusoma bei, na boksi litakaloisha muda mapema likae mbele ya rafu, si nyuma ambako mkono haufiki.

Jingine ni choo. Mgonjwa hana namna ya kujua kama sindano yako ni safi, lakini choo anakiona. Akitoka chooni ameziba pua, hata dawa yako nzuri ataimeza kwa mashaka. Nilikuwa nakagua choo changu mwenyewe kila asubuhi kabla ya kuvaa koti, na hilo nalisema kwa fahari, kwa kuwa sina fahari nyingi zaidi ya hiyo.

Na lugha. Mimi ni mtoto wa Ujiji, Kiswahili changu kinakwenda mbio. Akina mama wengi waliokuja kwangu walitoka milimani na mwambaoni, lugha yao ya nyumbani ni Kiha, wengine Kirundi. Nikiwauliza kwa mbio zangu, "Unaumwa kichwa? Unatapika? Unaharisha?" wanajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa heshima tu. Nikawa natibu heshima. Aliyeniokoa ni Sabina, mwanamke wa Kasulu niliyemwajiri kupokea wagonjwa na kufagia. Siku moja alimrudia mama mmoja kwa Kiha, taratibu, wakacheka kidogo, kisha akaja kuniambia, "Daktari, huyu haumwi kichwa wala haharishi. Ana uvimbe kwenye ziwa, ameona aibu kukutajia." Tangu siku ile Sabina alikaa kando yangu kila alipoingia mtu wa Kiha. Kama mna fedha ya kuajiri mtu mmoja tu, ajirini anayejua kusikiliza.

Sasa nafika mahali nilipokuwa napakwepa.

Miezi ya mwanzo zahanati ilikuwa inalala. Nilikaa nikipunga nzi. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa muuza mawese wa siku nyingi pale soko la Ujiji. Siku moja alikuja na kidumu chake, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akaangalia wanaoingia. Mchana akaniita.

"Mwanangu, nani anakufungulia?"

"Mlango? Sabina."

"Sisemi mlango. Nasema biashara. Mtu wa kwanza kukutia hela mkononi asubuhi ni nani?"

"Yeyote anayeumwa, mama."

"Yeyote!" Akapiga makofi ya mshangao. "Mtu anaingia wa kwanza ameshika tumbo, analia, uso umemshuka, na wewe unategemea siku yako iwe na heri? Kila siku unafunguliwa na ugonjwa. Hiyo ni nuksi, mwanangu. Mtafute mtu mzima wa afya, mwenye mkono mzuri, awe anakufungulia huyo. Wagonjwa waingie nyuma yake."

Ninyi mnacheka. Nami nilicheka, lakini nilicheka kama mtu aliyezaliwa chini ya meza ya mawese. Nilikua nikimwona mama akichagua wa kumfungulia. Kulikuwa na mwanamke mmoja sokoni ambaye mama alimtupia kanga usoni kwa utani ili asimsogelee kabla ya mauzo ya kwanza. Na kabla ya kufungua, mama hakutoa kitu mezani pake. Jirani akiomba kibiriti, "Sijafungua." Akiomba chumvi ya kuonja, "Sijafungua." Mpita njia akiomba maji ya kunywa siku ya jua kali, mama anamwonyesha mtungi wa jirani. Hakuwa mchoyo. Akishafungua alikuwa anagawa hadi nasi tunalalamika. Ulikuwa ni utaratibu, na utaratibu huo ndio ulionilipia ada.

Basi nikampata Mzee Yasini. Alikuwa kuli mstaafu wa bandarini, jirani yangu, mtu ambaye hata mafua aliyasikia kwa watu. Kila asubuhi, akishakunywa kahawa yake kijiweni, alikuja na kanzu yake safi, akaingia wa kwanza, akakaa, nikampima presha, ambayo siku zote ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kisha ananunua vidonge vya kichwa kwa sarafu ambayo mimi mwenyewe nilimpa jana yake jioni. Anasema, "Heri, Daktari," na anakwenda zake. Mkewe aliwahi kuniambia kabati lao lina vidonge vya kichwa kuliko dirisha langu la dawa, na hakuna hata mmoja nyumbani mwenye kichwa cha kuuma.

Nikamwekea Sabina masharti mawili. Mtu yeyote asiingie kabla ya Mzee Yasini. Na kabla ya Mzee Yasini kisitoke kitu ndani ya ua huu, kidonge, chenji, wala maji. Wagonjwa waambiwe tunaandaa vifaa.

Biashara ikachangamka. Leo najua ni kwa sababu ya Kiha cha Sabina na choo kisafi, na kwamba msimu ule dagaa walikuwa wengi na watu walikuwa na hela. Wakati ule niliapa ni mkono wa Mzee Yasini.

Asubuhi ninayoificha ilikuwa ya Jumatatu. Kulikuwa na mvuvi anaitwa Elieza, mtu wa mwambao wa kaskazini, ukikaribia Kagunga, aliyekuwa amepiga kambi Ujiji kwa msimu. Mnajua karabai zimepungua ziwani. Siku hizi wanavulia taa za betri, na asubuhi betri zinapelekwa kuchajiwa. Elieza alikuwa amebeba betri begani, anaipandisha kwenye kibanda cha kuchajia, mtaa wa pili kutoka kwangu. Kizibo kimoja kilikuwa kimelegea. Maji ya betri yakamrukia kwenye jicho la kushoto. Watu wa kibandani, kwa nia njema, wakampaka mawese kama tunavyompaka mtu aliyeungua, wakamfunga kitambaa, wakamwelekeza kwangu. Alikuja kwa miguu, na hakuchukua hata dakika tano.

Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nimevaa koti, nimekaa, sina kazi, napanga maboksi ambayo nilikwisha kuyapanga.

Sabina akaingia. "Daktari, kuna mtu wa jicho."

"Mzee Yasini amefika?"

"Bado."

"Mwambie asubiri kidogo, tunaandaa vifaa."

Nilifikiri ni jicho jekundu la kawaida, la vumbi. Sikuuliza, na kuuliza ndiyo kazi niliyosomea. Sabina akatoka. Baada ya muda akarudi, safari hii akabaki ameshika kitasa, mlango haukufungwa wala haukufunguliwa.

"Yule mtu anaomba maji ya kunawa. Anasema linamwaka."

Nitaandika nilivyosema, neno kwa neno, kwa kuwa hakuna mwaka uliopita bila kulisikia. Nilisema, "Sabina, unajua utaratibu. Hatujafungua."

"Ni maji tu, Daktari."

"Mzee yuko njiani. Aje afungue, huyo ataingia wa kwanza baada yake."

Mzee Yasini hakuwa njiani. Alikuwa kijiweni anabishania mpira wa jana, na kahawa ilikuwa nzuri. Alipofika aliwasalimia waliokaa kwenye benchi, "Poleni jamani," akaingia akicheka bado, akakaa, nikampima presha. Nilifunga mpira mkononi mwake bila haraka. Akachukua vidonge vyake, akasema heri. Ndipo nikamwambia Sabina amlete mtu wa jicho. Alikuwa ameketi pale dakika arobaini, nami nilizijua kwa saa ya Sabina, kwa sababu mimi sikutazama saa.

Nilipofungua kitambaa na kufuta mawese, kioo cha jicho kilikuwa kimegeuka cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nikamuuliza nini kilimwingia. "Maji ya betri," akasema, kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa kunisumbua. Nilimshika mkono nikamkimbiza kwenye bomba, zile hatua nne, nikafungua maji, nikamnawisha. Nikaleta dripu nikaendelea kumiminia, nikarudi bombani, sijui kwa muda gani, koti langu likalowa hadi viatuni. Kisha nikamkodia bajaji, nikampeleka hospitali kubwa mwenyewe. Jicho halikurudi.

Mmefundishwa mwaka wa kwanza: kemikali jichoni, maji kwanza, maswali baadaye. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na mtihani nilifaulu. Sikukosa elimu wala dawa. Kitu pekee kilichohitajika kilikuwa kinadondoka kwenye kona ya ua wangu, na nilikikataza kwa mdomo wangu. Naona haya kuliandika na naona haya zaidi kwamba limechukua miaka hii yote kuandikwa.

Mngependa niseme kwamba kesho yake niliacha. Sikuacha. Kesho yake Mzee Yasini alifungua kama kawaida. Nilichobadilisha ni kitu kimoja: nilimwambia Sabina kwamba akija mtu wa jicho amnawishe bila kuniuliza. Wa jicho tu. Wengine waliendelea kusubiri hadi Mzee Yasini alipofariki, na alifariki akiamini mkono wake ulikuwa ukiwaponya watu. Sikumwambia, na si kwa sababu nilimhurumia.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sabina alijua kila kitu. Mwisho wa mwezi ule akaniambia anarudi Kasulu kulima. Nikamwongezea mshahara pale pale, hakukaa hata kufikiri.

"Ningemnawisha mwenyewe, Daktari," alisema. "Niliogopa kupoteza kazi. Sasa kazi yenyewe siitaki."

Akaniachia funguo mezani. Hakunisema kwa mtu, nami nilifurahi kwamba hakunisema, ndivyo nilivyokuwa.

Na Elieza? Elieza alinishukuru. Ninyi mnaotafuta namna ya kutangaza vituo vyenu, sikilizeni jambo hili mlione lilivyo baya. Alikwenda mwambao mzima akisimulia kwamba kuna daktari Kasingirima, alimnawisha jicho kwa mikono yake, akalowa, akamlipia bajaji, akakaa naye hospitali hadi jioni. Wavuvi wakawa wanashuka mitumbwini pale mwaloni wananiuliza kwa jina. Jicho lile lilinitangaza kuliko ubao wowote niliowahi kuuchora. Na kila msimu wa dagaa alinitumia mfuko, dagaa wakavu wazuri, wa kuchaguliwa, pamoja na salamu. Niliwapika. Niliwasifia mezani mbele ya wageni.

Nilipofunga zahanati kwa uzee, chuo chenu kikaniita niwafundishe wanafunzi namna ya kuendesha kituo. Walisema mnatoka hapa mnajua magonjwa yote lakini hamjui kununua hata fagio. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Niliwafundisha tarehe za dawa, choo, bei kubandikwa ukutani ili mgonjwa asiogope kuuliza, kutomweka ndugu yako kwenye dirisha la dawa. Na darasa likianza kusinzia, saa nane mchana, bati linawaka, nilitoa silaha yangu: Mzee Yasini. Niliigiza kanzu yake na "Heri, Daktari". Niliigiza sauti ya Sabina mlangoni, "Subirini kidogo, tunaandaa vifaa!" Wanafunzi waligonga meza kwa kucheka. Kisha nilimalizia kwa uso wa hekima: biashara ina mambo yake ambayo vitabu havina.

Sikutaja benchi wala waliokaa juu yake. Mwaka baada ya mwaka niliirudia ile hadithi, na kila nilipoisimulia ilizidi kuwa tamu, kwa kuwa nilikuwa nimeitoa mfupa.

Mmoja wa waliocheka sana alikuwa Paskali. Wengine wenu mnamfahamu, alikuwa anaandika kila kitu kwenye kidaftari chake, hata utani. Alimaliza, akafanya kazi mjini miaka michache, kisha akakusanya nguvu na kufungua zahanati yake kwenye kijiji kimoja cha mwambao wa kaskazini, mahali ambapo mgonjwa alikuwa lazima apande boti kuja Kigoma. Alinipigia simu. "Mama, nimefungua wiki mbili zilizopita. Sitaki hotuba wala utepe. Njoo tu uone kazi ya mikono yako."

Nilifurahi kama mtoto. Niliondoka Kibirizi alfajiri kwa boti ya abiria, nimevaa kitenge kipya. Tulipofika nusu ya safari injini ikazima. Nahodha akaipiga, akaibembeleza, akaitukana kwa Kiha, ikawaka. Nilitarajia kufika saa mbili. Nilifika saa nne kasoro.

Jengo la Paskali lilikuwa zuri, naomba niseme haki yake. Ubao unasomeka tangu majini, bei ukutani, na choo nilikinusa kwa mbali nikasikia dawa tu. Kwenye kibaraza kulikuwa na benchi, na kwenye benchi na sakafuni kando yake watu kumi na mmoja hivi. Mlango ulikuwa umefungwa.

Paskali akatoka mbio, koti limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe.

"Shikamoo, Mama! Karibu! Watu wote hawa wanakusubiri wewe. Nimewaambia leo hatuanzi mpaka aje mwenye mkono wa heri atufungulie. Unakumbuka Mzee Yasini? Leo Mzee Yasini ni wewe!"

"Wako hapa tangu saa ngapi?"

"Wengine tangu saa moja na nusu. Hawana neno, Mama. Nimewaambia tunaandaa vifaa."

Nilisikia ile sentensi kwa sauti yake, na ndani yake nikasikia sauti ya Sabina niliyoiigiza, na darasa likigonga meza. Nikashika nguzo ya kibaraza.

Ndipo mtu wa mwisho kwenye benchi alipoinua kichwa. Alikuwa amepakata mtoto mdogo wa kike aliyefungwa kwenye kitenge. Nywele zimeingia mvi. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Elieza."

Akatabasamu kwa furaha, kweli ya moyoni. "Niliposikia ni wewe unayekuja kufungua, nikasema basi leo mjukuu wangu atapona. Homa imempanda tangu jana."

Nikamgusa mtoto. Alikuwa anawaka, anapumua juu juu, macho hayanifuati. Nikamwambia Elieza, "Ingia naye."

"Hapana, Daktari. Wewe kwanza. Tumekusubiri wewe."

Mama aliyekaa karibu naye akanisalimia kwa Kiha, akaunga mkono. "Mwakeye, mama. Ingia utufungulie. Mgeni haingii nyuma ya wenyeji."

"Hatua moja tu, Mama," Paskali akanisihi. "Ukikanyaga ndani tu, wanaingia wote."

Wanangu, nataka mjue kwamba mguu ulinyanyuka. Kuingia ingekuwa haraka kuliko kubishana. Ningeingia, ningepimwa presha, ningesema heri, kila mtu angefurahi, na mimi ningerudi Kigoma na mfuko wangu wa dagaa. Nusu ya mguu wangu ilikuwa juu ya kizingiti. Niliuvuta nyuma, nikamchukua mtoto mikononi mwa Elieza bila kumwomba, nikamtia mikononi mwa Paskali.

"Huyu ndiye anayefungua. Mpime sasa hivi. Nenda!"

Nilimkaripia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia darasani. Akaenda, Elieza nyuma yake. Ilikuwa malaria, na ilikuwa haijafika mbali. Paskali ni tabibu mzuri. Alimchoma sindano, akamkanda kwa maji, na baada ya muda mtoto akalia kile kilio cha hasira ambacho sote tunakipenda. Wengine wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mimi nilikaa mwisho wa benchi na sikuingia.

Elieza akatoka, akakaa kando yangu. Mtoto alikuwa amelala ndani, mama yake ameitwa. Akaanza kunishukuru. Nikamshika mkono nikamwambia anyamaze, anisikilize, kwa sababu nikikatizwa sitaweza kuanza tena.

Nikamweleza. Nilimwambia siku ile nilikuwa ndani, sina mgonjwa. Maji yalikuwa hatua nne. Alipoyaomba, mimi ndiye niliyemkatalia, na si Sabina. Yule mzee hakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa wa kufungua biashara tu. Nilimwambia kama ningemnawisha alipofika, pengine leo angekuwa ananiangalia kwa macho yote mawili. Nilimwambia nimekula dagaa wake miaka yote nikijua hivyo. Nililia, na sikulia vizuri, nililia kwa kamasi mbele ya watu wa kijiji kizima, kitenge kipya nikakifanya leso.

Elieza aliangalia ziwa.

"Nilikusikia, Daktari," alisema. "Mlango haukufungwa vizuri. Ulisema, 'Hatujafungua.' Na yule mzee nilimwona kwa hili jicho jingine. Aliingia anacheka."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii. Na ukaniletea dagaa?"

"Ulininawisha mwenyewe hadi ukalowa. Hilo nalo nililiona." Akafikiri kidogo, kisha akasema bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, "Mimi sikusoma, Daktari. Nilidhani ndivyo mnavyofundishwa."

Nilifungua mdomo kumwambia hapana, hakuna anayefundishwa hivyo. Paskali alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, kile kidaftari chake kinachungulia mfukoni mwa koti. Nikamwangalia, nikafumba mdomo.